Mkono Uliozoea Kubusiwa

Kamba ya maski ikakatika, pwa!

Mliofungia vitumbua gazeti la wiki iliyopita kabla ya kulisoma, haya, jisogezeni. Rahila binti Sinan, mke wa Mahfoudh, yule aliyekuwa na madereva wawili na mtu wa tatu wa kuwafungulia geti, sasa ni mtumishi. Anamimina kahawa kwenye shughuli za watu. Kampuni ya mumewe imekufa, jumba la Qurum, hapa Maskati, limekwenda, na familia imehamia ghorofa ya tatu huko Ghubra, juu ya fundi cherehani. Hajamwambia mtu. Anavaa aproni ya kijani, anaficha uso kwa maski ya hospitali, na leo alasiri, kule Hail, kwenye arobaini ya mzazi nyumbani kwa Bi Manal, aliinama na dele lake la kahawa kummiminia mgeni. Mgeni akainua uso.

Bi Noof!

Mama yake Thabit. Na Thabit ndiye anayemtaka Bashayer, binti pekee wa Rahila. Wanaume wanakuja kuposa Ijumaa hii. Tena asubuhi ya leo Rahila kampelekea Bi Noof ujumbe wa sauti kwamba yuko Salalah, huko kusini mwa nchi, anapunga upepo, na mvua ya huko, shoga yangu, haisemeki.

Sasa kamba imekatika sikio la kushoto, maski inaning'inia kama bendera siku isiyo na upepo, na mtu wa Salalah yuko Hail ameshika dele.

Mwanamke mwenye akili angegeuka akaondoka. Rahila yeye alifanya lililomjia kwanza. Mbele yake palikuwa na sinia la halwa. Akaliinamia. Akaliinamia zaidi. Pua ikaingia.

"Huyu vipi?" mgeni mmoja akauliza.

"Mzio!" Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa Afra, binti wa nyumba, miaka kumi na mitano. "Khala huyu, mama wa watu, ana mzio! Nipisheni!"

"Mzio wa nini?"

"Wa halwa!"

"Mzio wa halwa? Hapa Oman?" Bi Noof akasikitika. "Maskini. Si bora angekuwa na mzio wa maji?"

Afra akamshika mtumishi kiwiko, akamvuta hadi jikoni, akafunga mlango kwa kisigino.

* * *

"Nnakujua," Afra akasema.

Rahila alikuwa kwenye sinki anatoa halwa kwenye nyusi. Halwa ya Bi Manal ni nzuri, inashika. "Hunijui, mwanangu. Nna sura ya watu wengi."

"Wewe ni bibi mkubwa aliyeanguka."

"Sikuanguka. Niliinama."

"Siyo leo. Maishani." Afra akatoa simu mfukoni, akaipapasa kama hakimu anayetafuta kifungu. "Zimejaa humu. Hadithi za katuni za Kijapani. Nimesoma sitini na tatu, na kila moja wewe umo."

"Mimi? Ujapani?"

"Mtu kama wewe. Binti wa ukoo mkubwa. Baba anafilisika, au anasingiziwa, nyumba inachukuliwa. Binti anakwenda kuwa mtumishi kwa watu, tena mara nyingi kwa adui zake hasa. Hasemi ni nani. Anafagia, anabeba maji, anatukanwa na mpishi. Lakini ubora wake haufichiki. Akimimina chai haimwagiki tone. Akitembea, hata panya hasikii. Ndipo wanapomjua."

Rahila akajitazama. Kahawa tumboni. Kahawa kwenye mkono wa baibui. Kahawa, sijui kwa njia gani, mgongoni.

"Basi si mimi," akasema. Na moyoni akaumia kidogo. Hata kuanguka hakuweza kuanguka vizuri kama Wajapani.

"Umevunja finjani nne tangu alasiri."

"Tano. Moja niliificha kwenye mtungi wa maua."

"Umeona? Mtumishi wa kweli havunji. Mtu mzima asiyejua hata sinia linashikwaje, huyo alikuwa akishikiwa."

Miezi mitano Rahila amejificha kwa watu wazima wenye macho, na sasa kakamatwa na mtoto mwenye katuni.

"Na mwisho wao unakuwaje, hao mabinti?" akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua.

"Bwana mkubwa wa nyumba anampenda."

"Bwana mkubwa nnaye. Yuko Ghubra, kalala kwenye kochi, rimoti kifuani."

"Au analipiza kisasi."

"Kwa nani? Karatasi iliyotufilisi alitia saini Mahfoudh, na aliyekaa pembeni akimwambia 'tia tu bwana, usome wa nini' ni mimi."

"Au anavumilia, anavumilia, mpaka mwisho wote wanalia."

"Kina nani?"

"Wasomaji."

"Hao si wamekaa kitako? Mimi miguu inawaka moto."

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Maryanne.

Maryanne ni Mkenya wa Murang'a, mama wa shoka, mwenye kikosi chake cha wanawake sita wa aproni za kijani na soksi za kijani, kinachojulikana na kila mwenye shughuli kuanzia Seeb mpaka Matrah. Anapanga, anapika, anamimina, anaosha. Asichofanya ni kubembeleza.

"Rahila! Ati umeweka uso kwa halwa ya watu?"

"Niliteleza."

"Uliteleza na pua? Sikiza mimi. Susan amechomwa na maji moto, nimemtuma kliniki. Sasa niko watu watano na wageni ni arobaini. Bi Manal ako juu na mzazi, mtoto analia, akishuka akute vikombe vichafu zimejaa huko, mimi nimekwisha. Toka hapa uende uzikusanye. Yalla."

"Maski imekatika."

"Vaa ingine."

"Zimekwisha."

"Basi jifunike na kitu yoyote. Hata sufuria. Lakini hiyo uso ya halwa sitaki kuiona kwa wageni wangu." Akatoka, akarudisha kichwa. "Na hiyo aproni ni chafu, itoe. Uko kama ukuta wa gereji."

Afra alishapotea. Alirudi anakimbia, ameficha kitu nyuma ya mgongo, macho yanamng'aa kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Barakoa. Ile ya mabibi wa zamani, ya kitambaa cha nili kinachometameta kama mgongo wa mende, yenye mfupa katikati ya pua na matundu mawili ya macho.

"Ya bibi yangu, mama yake mama. Kaisahau. Yeye yuko Sur, mwaka wa pili hajaja Maskati."

"Mtoto wewe, nikivaa hiyo nitakuwa nani?"

"Katika hadithi zangu lazima pawe na kujifunika uso. Na hakuna anayemtambua. Hata mumewe."

"Kwa wangu haitanipa shida. Kila nikibadilisha mtandio ananiuliza nani huyu."

Akaifunga. Aproni ikatoka, likabaki baibui jeusi. Akajitazama kwenye kioo cha oveni, na oveni ikamrudishia bibi yake mzaa baba, mwenyewe kabisa, mpaka ule mwinuko wa kidevu uliokuwa ukiwafanya watu wasahau walichotaka kusema.

Nakusanya vikombe natoka, akajiambia. Sisemi neno. Nani atamwangalia mtumishi?

* * *

Hapo ndipo alipokosea.

Maana mtumishi hatazamwi, kweli. Lakini bibi wa barakoa akiingia majlisi, mbona hata mito inataka kusimama!

Wanawake arobaini wakainuka. Mabaibui yakafanya shaa! Mazungumzo yakakatika, hata yale matamu ya talaka ya mtu wa Khoudh.

"Mtume! Bibi kaja!"

"Mama yake Bi Manal! Kumbe kashuka kutoka Sur!"

"Afra, huyu si bibi yako?"

Afra alikuwa nyuma ya mlango, nusu mwili ndani. "Naam," akasema. "Bibi yangu." Halafu akajifunika kwa pazia, na pazia likaanza kutetemeka.

Bado palikuwa na njia. Neno lilikuwa mdomoni kabisa: *samahanini, mimi mtumishi, nimekuja kuchukua vikombe.* Maneno sita. Angeyasema, wangecheka, wangekaa, na leo tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Lakini mwanamke wa kwanza alipomkaribia akainama, mkono wa Rahila ukatoka.

Wenyewe! Haukuomba ruhusa. Ukatoka kwenye baibui, ukalegea kwenye kifundo, vidole vikaning'inia vile vile alivyofundishwa na bibi yake akiwa na miaka saba: *usimpe mtu mkono kama unampa samaki, mpe kama unampa zawadi.* Miaka arobaini na mitano ya kufundishwa kukaa juu haifi kwa miezi mitano ya kubeba sinia.

Ukabusiwa.

Ukabusiwa tena. Wakapanga mstari. Shikamoo, bibi. Marahaba, mwanangu. Shikamoo, bibi. Marahaba. Na Mola atusamehe sote, lakini Rahila alisikia raha mpaka kwenye magoti. Alipofika wa kumi na mbili alikuwa ameshaanza kuuliza habari za watoto.

Wakampeleka mwisho wa chumba, kwenye nafasi ya heshima, wakampa mito mitatu. Alipokwisha kukaa vizuri ndipo alipogeuka kutazama jirani yake ni nani.

"Shikamoo, bibi," akasema Bi Noof.

* * *

Kahawa ikaja. Aliyeileta ni Maryanne mwenyewe, dele mkono wa kushoto, finjani kulia, tabasamu la kazini usoni. Akainama kwa adabu mbele ya bibi mkubwa. Akatazama barakoa. Akatazama mikono. Akatazama chini, na pale chini, kwenye pindo la baibui, kidole gumba kilikuwa kinachungulia ndani ya soksi ya kijani. Soksi aliyoinunua Maryanne mwenyewe, darzeni moja, sokoni Matrah.

Tabasamu halikuondoka. Liliganda tu.

"Karibu, bibi," akasema. "Umekaa poa? Nikuongezee mto?"

"Inatosha, mwanangu," Rahila akasema kwa sauti iliyotoka kaburini.

Maryanne akamimina. Rahila akainua kidogo upindo wa barakoa, akanywa, akatikisa finjani. Kila mtu kwenye pwani hii anajua: ukitikisa finjani, umetosheka, mmiminaji asimimine tena. Maryanne ana miaka kumi na mmoja Maskati. Analijua hilo kuliko anavyomjua chifu wa kwao.

Akamimina.

Rahila akanywa, akatikisa.

Akamimina.

Rahila akatikisa kabla ya kunywa. Akatikisa mpaka bangili zikalia.

"Kunywa, bibi," Maryanne akasema kwa sauti ya asali. "Mtu wa heshima hakatai." Kisha akainama kama anayepangusa tende, akanong'ona: "Sufuria zote za leo ni zako. Zote. Mpaka ile kubwa ya wali."

Finjani ya saba ndiyo iliyomtosha Maryanne. Alipoondoka, moyo wa Rahila ulikuwa unakwenda mbio kama cherehani za chini ya nyumba yake, nusu kwa hofu, nusu kwa kahawa.

"Bibi," Bi Noof akasogea. "Nnataka kukuuliza jambo. Kwa amana."

Bi Noof ni mwanamke mpana, mpole, anayecheka pole pole kama anayehesabu. "Mwanangu Thabit anataka kuoa. Binti wa Mahfoudh, mkewe Rahila binti Sinan. Watu wetu, wa Unguja. Wewe mtu mzima, koo unazijua. Nipe habari zao."

Mnaona mambo?

Kuulizia ukoo ndiyo desturi. Hakuna posa inayopita Maskati bila mtu kuulizwa. Lakini tangu dunia iumbwe, nani amepata bahati ya kuulizwa habari zake mwenyewe, tena na mkwe?

Rahila hakusubiri hata shetani amalize kumshauri.

"Eee! Nyumba hiyo!" akasema. "Dhahabu tupu. Na huyo Rahila, wallahi, hana mfano. Mzuri, mkarimu, umbo kama msichana..."

"Bibi." Bi Noof akamshika mkono, ule ule uliobusiwa. "Ngoja kwanza nikwambie kinachonikera, ndipo unijibu. Mimi umaskini siuogopi. Sisi tulitua Maskati mimi mdogo, na sanduku moja na cherehani, marehemu mama akashona nguo za watu mpaka macho yakafa. Mwanangu mkubwa nimemwoza nyumba ya waongo. Mapambo yote waliyotuonyesha yalikuwa ya kuazima, mpaka bibi harusi tuliambiwa ana umri wa mdogo wake. Miaka miwili tu, talaka, na mjukuu wangu nnamwona siku za Eid. Kwa hivyo uongo, bibi, nnauogopa kama moto. Nikiuona, posa ya Ijumaa naivunja."

Akatoa simu.

"Sasa sikiliza hii. Kanipelekea mwenyewe leo."

Sauti ya Rahila ikatoka, tamu, inajivuta: *Shoga yangu, nipo Salalah, mvua hiyo! Nimejifunika shali mbili...*

Na nyuma ya sauti, mbali lakini safi kama adhana, sauti ya mama wa Murang'a: *Rahila! Osha hiyo sinia!*

"Nimeisikiliza mara tisa," Bi Noof akasema. "Nani huko Salalah anamwambia mke wa Mahfoudh aoshe sinia?"

Chini ya barakoa jasho likaanza kumtiririka Rahila mpaka kidevuni. Majibu yalimjia chungu nzima. Redio. Jirani. Kuna Rahila mwingine. Angeweza kumlaumu hata kasuku, na Bi Noof angemwamini, kwa sababu aliyemuuliza ni bibi wa Sur, na bibi wa Sur hana sababu ya kudanganya.

Na hilo ndilo lililomfunga ulimi. Anayeulizwa habari ya posa ni kama shahidi aliyeapa. Ukidanganya hapo, umemwoza mtoto wa mtu kwa uongo. Na mtoto huyo ni wako.

Ebo, akajiambia. Wale mabinti wa Kijapani, sitini na tatu wote, wamevumilia hadithi nzima. Mimi hata hii moja imenishinda.

"Nitakwambia," akasema, na sauti ya kaburini ikamtoka, ikabaki yake. "Huyo Rahila ni muongo."

Bi Noof akaizima simu.

"Hayuko Salalah. Hajakwenda Salalah tangu watoto wakienda bure kwenye ndege. Nyumba ya Qurum haipo. Mumewe mtu mwema lakini hawezi kuuza maji jangwani. Wanakaa Ghubra, ngazi sitini na moja, lifti ina kibandiko cha 'inatengenezwa' chenye umri wa mtoto wa shule. Na yeye Rahila anafanya kazi. Anamimina kahawa kwenye shughuli za watu."

"Anamimina?"

"Anamwaga zaidi."

Kitu kikatikisika kwenye mabega ya Bi Noof, lakini uso hakuubadilisha.

"Na kwa nini afiche? Kazi si haramu."

"Kwa ujinga, mwanangu. Aliogopa watu watasema. Na kweli watasema, kwani yeye si alikuwa wa kwanza kuwasema wengine? Walipofilisika jamaa wa Matrah alikuwa na habari kabla ya benki. Sasa anajua meza ile imegeuka, yeye ndiye sahani." Akavuta pumzi. "Muongo, mwenye majivuno, na finjani anavunja. Nnamjua. Nimekaa naye karibu."

"Na binti?"

Hapo Rahila akainua kidevu.

"Binti ni mwengine. Bashayer hakuchukua kitu kwa mama yake ila macho. Mtoto yule hajui uongo. Akiwa mdogo akivunja sahani anakuja na vipande mkononi. Hajui hata kazi ya mama yake, kaambiwa mama yuko Barka kwa khala yake Sayyida. Yeye saa hii yuko maktaba, anajisomea mtihani wake wa ufamasia, ndivyo anavyoshinda kila siku. Nnakuapia kwa Mola aliyeniumba, Noof. Mvunjie posa mama yake, ukiweza. Usimvunjie yeye."

Wanawake wa karibu walishaacha kula. Wa mbali walishaacha kujifanya wanakula.

Bi Noof akachukua finjani yake iliyojaa. Hakuinywa. Akaiweka chini, juu ya zulia, mbele ya magoti yake.

Lo! Chumba kizima kikavuta pumzi. Maana mgeni akiiweka kahawa chini bila kuigusa, ana haja, na hainywi mpaka itimizwe, na nyumba ambayo mgeni wake ameondoka na kahawa imejaa, aibu yake inafika Sohar kabla ya magharibi. Mkubwa wa nyumba lazima aulize. Na mkubwa, kwa mujibu wa mito mitatu, alikuwa Rahila.

"Sema haja yako," akasema. "Kahawa isipoe."

"Haja yangu ndogo, bibi. Sinywi mpaka animiminie Rahila binti Sinan mwenyewe. Uso wazi." Akamtazama kwenye yale matundu mawili. "Umesema yuko karibu."

* * *

Rahila akasimama. Akaenda mpaka alipo Maryanne, akanyoosha mkono, safari hii si wa kubusiwa. Maryanne akampa dele bila neno.

Kisha akashika fundo nyuma ya kichwa, akavuta.

"Mtume wangu!"

"Rahila wa Mahfoudh!"

"Si yuko Salalah huyu?"

Mwanamke mmoja aliyeubusu mkono mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya baraka, akafuta midomo kwa pembe ya shela.

Rahila hakumtazama mtu. Alipiga magoti, akamwaga ile kahawa iliyopoa kwenye bakuli, akasuuza finjani, akamimina. Kidogo, kama inavyotakiwa, isijae. Hata tone halikuanguka. Afra, kwenye pazia, akashika mdomo kwa mikono miwili.

"Karibu," Rahila akasema. "Mimi ndiye."

"Nnajua," Bi Noof akasema. "Nilikujua tangu kwenye halwa. Nilitaka kuona utanifikisha wapi." Na lile tabasamu la pole pole likaanza, pembe moja ya mdomo, kisha ya pili. "Ya kwako tumeyasikia kwa mdomo wako mwenyewe, yamekwisha. Binti mkweli ndiye ninayemtaka, na umeniapia. Ijumaa tunakuja. Ngazi sitini na moja tutazipanda na mapumziko."

Akainua finjani. Akiinywa tu, posa imekubaliwa. Ikafika kidevuni. Ikafika kwenye mdomo wa chini.

"Excuse, excuse, wageni wetu!" Sauti ya Maryanne ilikuwa mlangoni, haraka, ya mtu anayetaka kuokoa shughuli yake. "Tuendelee na halwa. Huyu ni msichana wangu wa jioni, anakujanga Jumanne na Alhamisi hao wa mchana wakishaenda, leo nimemwita mapema. Basha, ingia, anza na hao wamama wa mbele."

Msichana akaingia. Aproni ya kijani. Soksi za kijani. Sinia juu ya kiganja cha mkono mmoja, limetulia kama limegundishwa, mwendo wake mwepesi hata panya hasikii.

Akapiga hatua tatu. Akaona. Sinia likaganda hewani.

"Mama?" Bashayer akasema. "Si uko Barka?"

"Na wewe," Rahila akasema, bado amepiga magoti, "si uko maktaba?"

Bi Noof akamtazama mama. Akamtazama binti. Finjani ilikuwa bado imeegemea mdomo wake, mvuke unapanda puani.

"Hajui uongo," akasema taratibu, kama mtu anayesoma kibao cha duka asiloliamini. "Umeapa, Rahila. Mbele ya watu."

Na finjani ikaanza kushuka.